Anti, muvi wameisifia wote mbona mimi nimesinzia?

Barua za mwezi huu karibu zote zimekuja za muvi na vitabu, sijui ni mvua zimewafungia watu ndani au ni nini. Mlioniuliza habari za mawifi na hela za kikoba mtanivumilia, zenu nimeziweka pembeni mpaka toleo lijalo. Ndefu nimezikata kidogo na majina nimeyatoa maana Tanga yenyewe hii tunajuana.

*Anti shikamoo. Mimi niko Makorora, nasuka nywele saluni. Juzi tulivyofunga, mteja wetu mmoja akatuwekea Vuta N'kuvute kwenye laptopu yake tukaangalia wote. Wenzangu ooh kali, ooh hii ndo sanaa, mimi kiukweli haijafika hata nusu nikawa nishalala. Nilivyosema imenichosha nikaambiwa mimi nimezoea zile za kuchambana na kupigana vibao, sanaa siijui. Ni kweli mimi ndo mshamba?*

Marahaba mwanangu. Ushamba huna, una uchovu. Umesimama toka asubuhi unasuka vichwa vya watu, saa tatu usiku unajilaza kwenye kiti cha saluni, laptopu sauti yake ya kuibia, halafu unawekewa muvi ambayo kamera inaweza kukaa kwenye uso wa mtu mpaka ukajiuliza kama imeganda, sasa hapo nani asingelala? Ile ni ya kuangaliwa kwenye giza, sauti imefunguliwa, na mtu usiwe na njaa.

Mie mwenyewe niliiangalia kwa utulivu na nikaipenda kwa macho zaidi kuliko kwa moyo, sijui kama unanielewa. Amil Shivji aliyeiongoza ana jicho la rangi yule kijana, na haishangazi mwaka 2021 iliitwa hadi Toronto kwenye tamasha lao. Zanzibar ya miaka ya hamsini, Waingereza bado wapo, Yasmini binti wa Kihindi anamkimbia mume mzee aliyeozeshwa, anakutana na Denge ambaye yeye na serikali ya kikoloni ni paka na panya. Hadithi tamu. Ila kwenye kioo naona Denge amekuwa mpole mno, anaangalia mbali, anavuta pumzi, anaangalia mbali tena. Denge wa kitabuni, kile cha Adam Shafi cha 1999, yule ni mtu wa maneno, anabishana, anapanga mambo, askari wako mgongoni mwake na bado ana utani. Na Mwajuma je! Mwajuma ndo anampokea Yasmini kule mtaa wa Ng'ambo, hapo hapo Zanzibar, akiwa hana mbele wala nyuma, na ukikisoma kitabu unatamani ungekuwa na shoga kama huyo, asiyekuuliza umetoka wapi kabla hajakupa pa kulala. Kwenye muvi yupo lakini hashibishi, mie nilikuwa bado namtaka.

Kwahiyo fanya hivi, kitafute kitabu, wanafunzi wa form six wanacho kwa sababu wengi wamekisoma kwa ajili ya mtihani, muombe mtu akuazime. Na wale wenzako waliokucheka waulize taratibu tu, bila ugomvi, jamani ni sehemu gani hasa iliwagusa? Akianza mtu "aah ile yote tu", ujue na yeye alilala ila macho yalikuwa wazi.

*Anti mambo vipi, mimi ni boda niko kijiwe kimoja Mabawa. Kuna abiria wangu mwalimu kaniambia kuna Mzanzibari kapewa Nobel ya vitabu, nikasema lazima nisome hata kimoja, sasa nilivyouliza naambiwa vyote ni Kiingereza na mimi Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Toka nimalize shule sijamaliza kitabu chochote. Nifanyeje?*

Poa kabisa mdogo wangu, na umenifurahisha. Huyo ni Abdulrazak Gurnah, alipewa 2021, na aliyekwambia vyote ni Kiingereza hajapita duka la vitabu siku nyingi. Kitabu chake cha 1994, Paradise, kimeshatoka kwa Kiswahili, kinaitwa Peponi, kakitafsiri Ida Hadjivayanis na wachapaji ni Mkuki na Nyota, 2022. Anza na hicho hicho.

Kinamhusu mtoto anaitwa Yusuf, ana miaka kumi na mbili, baba yake ana kihoteli na ana deni. Kuna tajiri mmoja, Aziz, kila akija kuwatembelea akiondoka anamwachia mtoto sarafu, na mtoto anamwita ami na anamsubiri kwa hamu kwa ajili ya ile sarafu. Siku moja anaambiwa utasafiri na ami yako, anapanda treni anafurahi maskini ya Mungu, kumbe baba kamtoa yeye kulipia deni. Akifika huko pwani anamkuta kijana mwenzie Khalil dukani, na Khalil kila akimsikia anasema ami anamkatisha, huyu siyo ami yako, huyu ni Seyyid, yaani bwana mkubwa. Mie pale nilikiweka kitabu chini nikaenda kuchemsha chai kwanza.

Sasa nikwambie na ubaya wake. Katikati kuna safari ya bara, msafara wa biashara, watu na mizigo, wanatembea wanaugua wanaporwa, na wewe msomaji unaanza kutembea nao mpaka miguu inauma. Usilazimishe. Soma kurasa zako mbili tatu kijiweni ukisubiri abiria, akija funga, nenda, rudi. Mwisho wake utakukasirisha, utafunua ukurasa wa nyuma kutafuta kama kuna kingine kimebaki. Hakuna. Ukishafika hapo njoo tugombane.

*Kwako binti yangu. Mimi ni mzee, mstaafu, naishi Pongwe. Wajukuu wananiletea muvi kwenye fleshi, wananiwekea kwenye luninga wakidhani wananifurahisha. Kelele tupu, magari yanaruka, mtu anapigwa risasi ishirini anaamka. Sisi tulikuwa na picha. Sholay ilipokuja hapa mjini watu tulipanga mstari mpaka barabarani. Picha nzuri ziliishia wapi?*

Shikamoo babu. Barua yako nimeisoma kwa sauti hapa ofisini na wazee wawili wakadakia hapo hapo, mmoja akaanza kuimba.

Sitabishana na wewe kuhusu Sholay, maana nani atambishia mtu Sholay? Ya 1975 ile, saa tatu na zaidi, Amitabh na Dharmendra wana pikipiki na urafiki wao, na yule Amjad Khan akiigiza Gabbar Singh kiasi kwamba watoto walikuwa wakitishiwa naye wakigoma kulala. Ila babu nikuchokoze kidogo, kwenye Sholay hakuna watu wanapigwa risasi wakaendelea kuimba? Na magari hayakuruka kwa sababu walikuwa na farasi, wangekuwa na magari yangeruka tu.

Mie nadhani unachokikosa ni ule ukumbi. Mlikuwa mnaingia mamia, mmevaa, umempeleka na bibi, ikifika intavali mnatoka kununua karanga na soda na mnabishana nani atakufa, mkirudi ndani stelingi akimkamata adui watu wanapiga makofi kama adui kawaibia wao. Kihindi hamjui hata neno ila nyimbo mnazo zote. Sasa unaletewa kitu cha mamia ya watu unakiangalia peke yako sebuleni, mjukuu yuko pembeni na simu yake hata hakuangalii wewe wala hiyo muvi, itakuwaje tamu?

Jaribu kinyume chake. Waambie wajukuu wakutafutie za King Majuto, ziko tele. Amri Athumani wetu wa hapa hapa Tanga, alituacha Agosti 2018, na mpaka leo akitokea tu mlangoni na ule uso wake hajafungua hata mdomo watu washaanza kucheka. Hapo hawatashika simu. Nyingine zimetengenezwa haraka haraka, sauti inapotea, mlango ukigongwa unatikisika nyumba nzima, lakini mzee yule alikuwa habebwi na muvi, alikuwa anaibeba yeye.

*Shikamoo anti, niko form three shule moja hapa mjini. Darasani nilisema Kusadikika inaboa, mwalimu akanisimamisha akasema simheshimu Shaaban Robert na mimi ni mtoto wa Tanga. Ni vibaya kusema?*

Marahaba. Siyo vibaya, ila hapa umeingia kwenye nyumba ya watu. Shaaban Robert kazaliwa Vibambani na kazikwa Machui, hapo na hapo, kwahiyo ukimsema Tanga ni sawa umemsema babu wa mtu na mwenye babu yupo anakusikiliza.

Lakini tuongee kitabu chenyewe. Cha 1951, nchi iko hewani inaelea, Karama kashtakiwa, waziri Majivuno ndo anamkandamiza, na Karama anajitetea kwa kueleza habari za wajumbe sita waliotumwa nchi mbalimbali. Mjumbe wa kwanza anakwenda, anaona mazuri, anarudi kuwashauri, anafungwa. Wa pili anakwenda, anaona mazuri, anarudi, anafungwa. Ukifika wa tatu ushajua. Na wewe hapo ndo ulipoboeka, siyo? Sasa jiulize, mtu fundi wa kuandika kama yule alishindwa kubadilisha? Alitaka uchoke hivyo hivyo, uchoke na hiyo serikali isiyosikia, ufike mjumbe wa tano unataka kumshika Majivuno mwenyewe. Na kumbuka aliandika Mwingereza akiwa bado anatutawala, vitu vingine ilibidi avipeleke hewani.

Hiyo ndo fikra yangu, na bado una haki ya kuboeka, kuchoka ni kuchoka tu. Kwenye mtihani usiandike inaboa, andika mwandishi ametumia takriri, utapata maksi zako.

Halafu mjaribu kwa mlango mwingine. Tafuta Wasifu wa Siti Binti Saad, yule mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, chembamba, unakimaliza wikiendi. Binti wa Fumba anauza vyungu, hajui kusoma, hana ukoo wa kujivunia, na mwaka 1928 yuko Bombay anarekodi santuri. Lugha ya mzee ni ile ile ya kuvaa kanzu na koti, lakini humo ndani kuna mtu anayepumua. Mie nampenda zaidi Shaaban Robert wa humo kuliko wa Kusadikika na wakija kunigombeza waje, anwani ya gazeti wanayo.

*Anti, mume wangu ananisema kila siku kwamba sizoni za Kituruki zinamaliza umeme. Mama wawili, Usagara.*

Na mpira wake anaangalia kwa kibatari? Angalia sizoni yako mama. Ila ukifika ile ya sita ya kisasi cha mama mkwe, na ya saba ikawa hiyo hiyo, pumzika kidogo, binadamu tunazoea vibaya.

*Habari dada, mimi nasoma sanaa Bagamoyo, nyumbani ni Tanga, Ngamiani. Wenzangu chuoni wanasema muvi za kutafsiriwa za kwenye kibanda umiza ni takataka na zinaua filamu. Mimi ndo zilizonifanya nipende kuigiza ila naona aibu kusema.*

Njema mdogo wangu. Aibu ya nini tena? Sisi wa Ngamiani tumekulia humo, benchi la mbao, pazia jeusi dirishani, joto mpaka ukuta unatoa jasho, na sauti ya yule jamaa mmoja tu anafanya mwanaume, anafanya mwanamke, anafanya mtoto analia na farasi juu. Niliwahi kumsikia mmoja kwenye picha ya Kichina ya mapanga, mzee mwenye ndevu nyeupe amekasirika anamnyooshea kijana kidole, na mtafsiri anasema "kesho nakupeleka mahakama ya mwanzo, na shahidi wangu ni mama yako". Ukumbi mzima chini. Sijui yule mzee alikuwa anasema nini na wala sitaki kujua.

Sasa wenzako nao wana lao la kweli. Jamaa hanyamazi. Kuna mahali muvi inataka kimya, mtu kafiwa, kakaa peke yake, muziki unalia taratibu, na yeye anaingilia "hapo sasa anamkumbuka mkewe, mke mwenyewe alikuwa mzuri huyo acha tu". Anakuharibia. Wewe unayetaka kuwa mwigizaji hiyo itakudumaza kama hujishtukii, maana utafikiri kila kitu lazima kisemwe.

Kwahiyo wala usiache, ila chukua muvi moja unayoipenda, ile iliyotafsiriwa, uangalie, kesho yake uitafute hiyo hiyo bila mtafsiri na uiangalie lugha usiyoijua mpaka mwisho, uone uso wa yule mwigizaji unakwambia nini akiachwa aseme mwenyewe. Halafu niandikie ipi ilikukosha na sehemu gani hasa. Ukiniandikia zote nzuri tu barua yako siitoi.