Madrid hadi Lisbon, dakika 20 tu?

SWALI: Shikamoo dada. Mwezi ujao naenda Lisbon kumwona mdogo wangu aliyejifungua, napitia Madrid. Tiketi inasema natoka Madrid saa 4:00 asubuhi, nafika Lisbon saa 4:20. Kurudi natoka Lisbon saa 4:00, nafika Madrid saa 6:20 mchana. Ndege gani hiyo, kwenda dakika 20, kurudi saa mbili na ushee? Na umbali, simu yangu mara inasema kilomita 500, mara zaidi ya 600. Nimeuziwa tiketi yenye makosa?

JIBU: Marahaba, na hongereni kwa mtoto. Tiketi yako haina kosa. Safari ni kama saa moja na dakika 20, kwenda na kurudi. Kila saa iliyoandikwa ni ya mji husika, na Lisbon iko nyuma ya Madrid kwa saa moja, kiangazi na kipupwe.

Ukitazama ramani utashangaa: Madrid iko magharibi ya London, lakini saa yake imeitangulia London. Hispania ilisogeza saa mwaka 1940, enzi za dikteta Franco, ikafuata Ulaya ya kati, na hadi leo haijarudi. Ureno nayo ilijaribu mwaka 1992. Januari jua likawa linachomoza Lisbon karibu saa tatu asubuhi, na mwaka 1996 wakaachana na saa hiyo.

Kilomita 500 ni za angani, hizo nyingine ni za barabarani. Angani peke yake ingetosha chini ya saa moja, ila muda wa tiketi huhesabiwa tangu ndege inapoachia maegesho hadi inapoegeshwa tena, na Barajas, uwanja wa ndege wa Madrid, ni mkubwa mno, ndege hutambaa weee kabla ya kuruka. Omba kiti cha dirishani. Uwanja wa Lisbon uko mjini kabisa. Mara nyingi ndege huingia kutokea kusini, ikavuka mto Tagus na kupita juu ya mapaa mekundu, chini kiasi cha kuona nguo zilizoanikwa.

Kurudi ndiko kunakonitia wasiwasi. Mimi niliachwa na ndege Barajas. Simu ilikuwa imezima, nikategemea saa ya mkononi ambayo bado ilikuwa ya Lisbon. Nilikaa nakunywa kahawa nikijua nina saa nzima. Kufika getini, limefungwa. Iliniuma sana. Kwa hiyo ukishakaa kwenye kiti, sogeza mshale mbele saa moja. Na kwa kuwa nchi zote mbili ziko Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zisizokaguana pasipoti mipakani, pasipoti itakaguliwa Madrid, kuingia na kutoka. Ukipangiwa jengo la T4S hapo Barajas, kuna treni ya chini ya ardhi kutoka jengo la T4, nayo inakula muda.

Mdogo wako mwambie aje kukupokea saa 5:00 kasorobo, kwa saa ya kwake.