Barua kwa mwanangu: Kiingereza cha wenye maduka

Mwanangu,

Umeuliza utafundishaje Kiingereza kwa kutumia mikakati ya biashara na chapa, maana darasa lako la jioni limejaa wenye maduka na mawakala wa simu waliochoshwa na vitabu vya sarufi. Inawezekana, ila biashara iwe ile wanayoijua. Kigeni kiwe Kiingereza peke yake. Ukiwaletea kampuni ya ng'ambo wasiyoijua, kipindi kitaisha unaeleza kampuni.

Anza na mitandao ya simu ya hapa Tanzania. Celtel iligeuka Zain mwaka 2008, Zain ya hapa ikanunuliwa na Bharti Airtel mwaka 2010, Tigo nayo ikawa Yas mwishoni mwa 2024. Rangi za mabango hayo wanazo kichwani. Wakae wawili wawili, waandike historia hiyo kwa sentensi sita. Makosa mawili yatajirudia. Kwanza, "Tigo has changed its name in 2024": wanafuata -me- yetu, ambayo haigombani na tarehe, ilhali Kiingereza kikishataja mwaka uliopita kinadai "changed". Pili, "Zain bought by Bharti": kwetu "ilinunuliwa" ni neno moja, basi "was" inawaponyoka. Kaa hapo hata nusu saa. Somo lenyewe ndilo hilo, majina ya kampuni ni chambo tu.

Maneno mapya yasizidi manane kwa dakika 90, na kila moja lije na wenzake: "launch a service", "set a price", "attract customers". Ukifundisha "price" peke yake utaletewa "expensive price", kwa kuwa sisi tunasema bei ghali.

Kipindi kinachofuata, makundi ya watu wanne yachague genge, saluni au kibanda cha juisi, kisha kila kundi liandike sentensi moja ya kueleza linamhudumia nani na linawapita wenzake kwa lipi: "For office workers who have no time to cook, ours is the only stall that delivers lunch before noon." Humo "who" na "that" zimeingia bila mhadhara. Kundi la jirani liwe washindani, liulize maswali matatu ya kulinganisha. "More cheaper" haitakosa kusikika. Hatari za biashara zisubiri wiki ya pili, pamoja na "might" na "if": "We might lose customers if the rent goes up."

Kaulimbiu za matangazo usizifanye kielelezo cha sarufi. "Think different" ya Apple ni tamu masikioni, lakini mtihani utataka "differently".

Ubishi ukikolea watahamia Kiswahili. Wape dakika tano wapange kwa Kiswahili waziwazi, halafu dakika tatu za kuwasilisha kwa Kiingereza bila kusoma karatasi. Usimkatize anayezungumza: mtu mzima akisahihishwa mbele ya vijana, wiki ijayo humwoni. Andika makosa matano, yaweke ubaoni mwishoni bila jina la mtu, wayatengeneze wenyewe.

Na jaribio la mwisho wa mwezi lisiwe la kuchagua jibu. Wape tangazo la duka la maneno 60 lenye makosa manane, waliandike upya, kisha kila mmoja aandike la duka lake.

Mama yako