Soketi Inayokubali Ofisini na Kukataa Nyumbani

SWALI: Ndugu Mhariri, ninatengeneza programu ndogo ya UEFI (mfumo unaoiwasha kompyuta kabla ya Linux au Windows) kwa kutumia EDK II, yaani zana za kuandikia programu hizo, nami huijaribu ndani ya QEMU, ambayo ni kompyuta pepe, yenye OVMF (UEFI ya kompyuta pepe) kwenye kompyuta yangu ya Linux. Ofisini Kampala, ambako kompyuta imeunganishwa kwa waya, programu huifikia seva yangu ya majaribio, iliyo kwenye kompyuta hiyo hiyo, katika poti 8080. Nyumbani natumia intaneti ya simu kwa njia ya Wi-Fi, na huko `socket()` inafaulu lakini `connect()`, inayofungua muunganisho na seva, inashindwa, ingawa sijagusa msimbo na daraja la mtandao, linaloiunganisha QEMU na kadi ya mtandao ya kompyuta yangu, ni lile lile. Nianzie wapi? – Msomaji, Mukono

JIBU: Ndugu msomaji, uache msimbo wako kwanza. Kufaulu kwa `socket()` hakuthibitishi kwamba mtandao upo, kwa kuwa hatua hiyo huandaa soketi tu, yaani ncha ya mawasiliano ndani ya programu, bila kutuma pakiti yoyote. Ni `connect()` inayohitaji anwani ya IP, na chini ya UEFI, TCP (itifaki inayobeba muunganisho huo) inayotegemea anwani ya kawaida ya kadi hurudisha kosa la `EFI_NO_MAPPING` iwapo DHCP, huduma inayogawa anwani za IP, haijakamilika. Katika Shell ya UEFI, yaani dirisha lake la kuandikia amri, andika `ifconfig -l`. Ukiona 0.0.0.0, yaani kadi haina anwani, jibu umelipata.

Sababu yake iko kwenye daraja. Ofisini, kadi ya waya hupitisha fremu za kompyuta pepe zenye anwani yake yenyewe ya MAC (namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao), na DHCP ya ofisi huijibu kama mashine nyingine yoyote. Kadi ya Wi-Fi iliyojiunga na simu kama mteja wa kawaida haiwezi kufanya hivyo, kwa sababu simu huitambua anwani ya MAC ya kadi iliyojisajili kwake tu. Ndiyo maana Linux kwa kawaida hukataa kuiingiza kadi hiyo kwenye daraja. Daraja lako la nyumbani basi lina ncha moja, na ombi la DHCP halina wa kulijibu.

Nyumbani tumia mtandao wa ndani wa QEMU, kwa kuweka haya kwenye amri ya kuiwasha: `-netdev user,id=n0 -device e1000,netdev=n0`. Hapo QEMU yenyewe hutoa DHCP, kompyuta pepe hupata 10.0.2.15, na kompyuta yako huonekana kwa anwani 10.0.2.2. Kwa hiyo programu iitafute seva kwenye 10.0.2.2, poti 8080, si kwenye anwani uliyoizoea ofisini. Kisha andika `ifconfig -s eth0 dhcp` na ungoje kidogo kabla ya kuendesha programu. Ikiwa `ifconfig -l` haionyeshi kadi yoyote, andika `connect -r` ili draiva ziunganishwe na vifaa vyake, na uangalie kwa `drivers` kama draiva ya kadi hiyo na zile za TCP zipo kweli.

Tafadhali usiupime mtandao huu kwa `ping` ya nje. Katika hali hii QEMU mara nyingi haipitishi ICMP, itifaki ambayo `ping` huitumia, kwenda nje, ilhali TCP inapita vizuri, na wengi hupoteza jioni nzima wakitafuta kosa ambalo halipo.

Ikiwa anwani ipo na `connect()` bado inashindwa, ongeza kwenye amri hiyo ya QEMU `-object filter-dump,id=f1,netdev=n0,file=pakiti.pcap`, inayohifadhi pakiti zote kwenye faili, na ulifungue faili hilo kwa Wireshark, programu ya kuchunguza pakiti. Kipimo hiki nakithamini kuliko vingine vyote, kwa sababu kinaonyesha kilichotoka hasa, si kile unachodhani umekituma. Pakiti ya SYN (ombi la kuanza muunganisho) iliyojibiwa kwa RST (kukataliwa) humaanisha kwamba njia ni nzima lakini hakuna seva inayosikiliza kwenye poti hiyo. Na kama poti inayoonekana ni 36895 badala ya 8080, `htons()`, inayopanga baiti kwa utaratibu wa mtandao, imesahaulika mahali na baiti mbili za namba ya poti zimebadilishana nafasi.

Iwapo baadaye programu yako ndiyo itakayosikiliza, mtandao wa ndani hauruhusu miunganisho inayoingia mpaka uifungulie njia, kwa mfano `hostfwd=tcp::5555-:8080` ndani ya `-netdev`, kisha uifikie kwa poti 5555 ya kompyuta yako. Daraja libakie kwa kazi za ofisini, pale ambapo kifaa kingine kwenye waya kinahitaji kuifikia kompyuta pepe moja kwa moja.