Re: Dola 250 za masini ya gemu, nianzie wapi?

Mudogo yangu, na hizo dola 250 za ordinatere ya kuchezea gemu usianze kununua kipande kimoja kimoja kipya, utabakia na boksi yenye mataa ya rangi na ndani hakuna kitu. Tafuta Dell OptiPlex ya okazyo (iliyotumika), zile ordinatere za biro, yenye prosesere i5 ya jenereshoni ya 8, sababu Windows 11 haikubali za nyuma bila ujanja, na ikuwe ile ndefu, ile nyembamba inataka karte grafike (ile inachora picha za gemu) fupi na zile ni ngumu kupata. Kisha karte grafike GTX 1650 ya GB 4, lakini angalia vizuri isikuwe na tundu la waya wa umeme juu yake, ile isiyo na tundu inakula wati 75 tu toka kwa karte mere (plake kubwa ya ndani), haiombi ubadilishe alimantasyo (boksi ya ndani inayogawa umeme). RAM (memwari) mbili za GB 8, si moja ya 16.

Na stabilizatere, kile kifaa cha kutuliza umeme, usisahau!! Masini yangu ya kwanza, umeme ulirudi kwa nguvu, paf, harufu ya plastiki nyumba nzima, nikamaliza mwezi nachezea simu. Ile vumbi nyeusi ya hapa Goma nayo inajaa kwa feni, pangusa na burashi kila mwezi.