Waulizaji wa Santuri: Mikono miwili, mashine moja

SWALI: Shikamoo mzee. Babu kaniachia mashine ya santuri Garrard 301, santuri za taarabu za mizunguko 78 kwa dakika na LP (santuri za mizunguko 33) za dansi. Niifunge mikono miwili ya kushikia sindano? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mjukuu. Funga. Mifereji ya 78 ni mipana, inataka sindano ya mikroni 75 hivi; ya LP ni kama 18 tu. Hiyo nyembamba ukiiweka kwenye 78 inaburuzika chini ya mfereji, unasikia mikwaruzo kuliko mwimbaji.

Mkono wa kwanza uache kulia. Wa pili ukae nyuma, kwenye ubao mzito uliokazwa barabara. Kabla ya kutoboa, pima umbali toka ncha ya katikati ya sahani inayozungusha santuri hadi egemeo la mkono, kama karatasi ya mtengenezaji inavyoelekeza. Fundi akisema "tutakadiria kwa macho", mpe chai umuage: akikosea milimita moja tu, sauti inaharibika santuri ikikaribia kwisha. Hakikisha mikono haigongani.

Uzito wa sindano kukandamiza santuri: ya 78 anzia gramu 4, ya LP mara nyingi ni karibu 2. Nyaya za mikono yote miwili usizichomeke tundu moja la amplifaya. Tafuta swichi ya kuchagulia mkono.