Gari la matofali likilala njiani, chungulia ekseli

Gari langu la kwanza la mbio, la matofali ya kuchezea ya LEGO, lilikuwa zuri kupindukia. Lilikuwa na bawa nyuma, taa mbele na dereva mwenye helmeti, tena lote jekundu mpaka nilipoishiwa matofali mekundu. La mpwa wangu wa miaka tisa lilikuwa kibao kitupu chenye magurudumu manne. Tukaegemeza ubao wa rafu kwenye kiti, tukayaachia kwa pamoja. Lake lilishuka, likakata sakafu yote, likaenda kugonga mlango. Langu lilifika mwisho wa ubao, likajikokota kidogo, likasimama.

"Mjomba, lako limelala," akasema, wala hakucheka. Heri angecheka.

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Tangu siku ile nimejenga na kubomoa magari mengi ya kuteremka, na karibu kila nilichojifunza kinarudi pale pale: kwenye ekseli, kile kijiti kinachobeba magurudumu.

Gari la aina hii halina mota, betri wala springi. Nguvu yake yote linayo pale juu, kabla hujaliachia. Ubao wetu unaanzia sentimita 50 kutoka sakafuni. Kwa kimo hicho, gari lisilopoteza chochote lingefika chini kwa mwendo wa mita 3.1 hivi kwa sekunde, liwe zito au jepesi. Halipo gari la matofali linalofikia hapo. Msuguano unakula sehemu yake, hewa nayo inakula, na hata magurudumu yanakula, maana kuyazungusha nako kunagharimu nguvu. Basi kazi yako si kuliongezea gari nguvu. Ni kutafuta zinakovujia.

Nilipolipindua lile gari langu lililolala, nilikuta unywele mmoja mrefu umejisokota kwenye ekseli, kati ya gurudumu na boriti, lile tofali refu lenye matundu ambamo ekseli inapita. Ulikuwa umekaza kama uzi kwenye bobini, na umekwishakusanya vumbi na nyuzi za zulia. Nilihitaji kibano cha nyusi kuutoa. Gurudumu likazunguka vizuri zaidi, lakini bado lilikuwa zito. Tatizo la pili lilikuwa mkono wangu mwenyewe: zile bushi ndogo zinazozuia ekseli isichomoke nilikuwa nimezisukuma hadi zikabana boriti. Siku hizi naweka kipande cha karatasi kati ya bushi na boriti, nasukuma bushi hadi iiguse karatasi, kisha naivuta karatasi. Nafasi inayobaki inatosha. Ukiacha kubwa mno, gurudumu litayumba na gari litakwenda upande.

Kabla ya mbio, lipindue gari, piga kila gurudumu kwa kidole, halafu hesabu mpaka lisimame. Usihesabu tu, angalia linavyosimama. Gurudumu linalokwama ghafla linakwaruza mahali. Lililo huru hupungua polepole, na mara nyingi hurudi nyuma kidogo kabla ya kutulia, kwa sababu upande wake mzito unatafuta chini. Ukiona hilo, liache, usiliguse tena.

Mafuta usiweke. Mimi niliweka ya cherehani. Siku ile gari liliruka, na baada ya wiki moja ekseli ilikuwa imevaa tope jeusi la vumbi ambalo nililisafisha jioni nzima.

Kuhusu uzito, utasikia kwamba gari zito hushinda. Ni kweli nusu. Ukiongeza uzito, msuguano wa ekseli nao unaongezeka, kwa hiyo hapo hujapata faida. Faida iko kwenye hewa: inalisukuma nyuma gari zito kwa nguvu ile ile inayosukuma jepesi la umbo hilo hilo, na zito halijali sana. Mimi niliposikia hivyo nikajaza sarafu mpaka ekseli za plastiki zikapinda, magurudumu yakalala kama miguu ya mtu aliyebeba gunia. Likawa la mwisho. Sasa naongeza kidogo kidogo, nikijaribu kila mara, na uzito nauweka upande wa nyuma, kwa sababu pale juu nyuma ndiko kulikoinuka zaidi. Ukizidisha, pua itapepea.

Wekeni kikomo cha uzito, la sivyo mtagombana. Pinewood Derby, mbio za magari madogo ya mbao ambazo Don Murphy alizianzishia skauti wadogo huko California mwaka 1953, zina kikomo cha wakia 5, yaani gramu 142 hivi. Sisi tumekubaliana gramu 150 kwenye mizani ya jikoni, na mwenye kuzidisha anatoa sarafu mbele ya wote.

Magurudumu makubwa membamba nayapenda kuliko madogo manene. Kwa umbali ule ule ekseli inazunguka mara chache zaidi, na kiungo cha ubao hakiyasumbui. Ila yakiwa mazito ukingoni, yanachelewa kushika mwendo. Niliwahi kuvua tairi nikabakiza ringi tupu: mwendo ulikuwa mtamu, lakini gari liliteleza ubavu likatoka kwenye njia. Tairi nyembamba ngumu ndizo nilizobaki nazo.

Gari likipenda kona, ongeza umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Kwenye matofali ya LEGO, kutoka tundu moja hadi linalofuata ni milimita 8 tu, lakini utaiona tofauti. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Nikibadilisha vitatu, gari likashinda, sijui nimshukuru nani.

Pale ubao unapokutana na sakafu, tandika kadi ngumu iliyopinda kidogo, maana gari lenye pua ndefu litachoma sakafu na kupoteza kila kitu. Wakati wa kuanza, msiachie kwa mikono. Rula iliyolazwa mbele ya magari yote mawili, kisha ikadondoshwa mbele, haina upendeleo. Badilishaneni njia kila raundi. Na simu inayopiga video ya fremu 240 kwa sekunde, ikiwekwa kwenye mstari wa mwisho, imetuponya ugomvi mwingi.

Jumamosi iliyopita gari langu lilishinda mara tatu mfululizo. Mpwa wangu akalichukua, akalipindua, akazungusha gurudumu moja moja huku midomo ikihesabu bila sauti. La nyuma kulia lilifika kumi na moja. Akanirudishia bila neno, akaenda kutafuta kibano.