Tre, tro, pli: ushauri kwa Mswahili anayejifunza Kiesperanto

Nilikuwa mgeni wa Mwesperanto mmoja, yaani mzungumzaji wa Kiesperanto, ile lugha ya kubuniwa, akanikaribisha chai. Nilionja, ikanikolea, nikataka kumsifu kwamba ni tamu mno. Nikasema: "La teo estas tro dolĉa." Akachukua kikombe changu taratibu, akaimwaga ile chai, akanimiminia nyingine isiyo na sukari hata chembe.

Kosa lilikuwa neno moja. Kwetu "mno" hubeba mambo mawili: sana, na kupita kiasi. Kiesperanto kimeyatenga. Tre ni sana. Tro ni kupita kiasi, na msikilizaji hulipokea kama lalamiko. Kabla hujatafsiri "mno", jiulize kwanza kama unasifu au unalalamika.

Tangu Kongamano la Dunia la Kiesperanto lifanyike Arusha Agosti 2024, kwa mara ya kwanza barani Afrika, napata wanafunzi wapya, na karibu wote huteleza palepale nilipoteleza mimi. Zamenhof, aliyeibuni lugha hii, alipotoa kitabu chake cha kwanza Warsaw mwaka 1887, sarufi aliiweka katika kanuni 16, na ulinganishaji wa vivumishi umo katika kanuni ya 3: pli ni zaidi, plej ni kuzidi vyote, ol ni kuliko. Rahisi kukariri. Lakini sisi tunasema "Juma ni mrefu kuliko Asha", yametosha, "kuliko" imemaliza kazi. Basi mwanafunzi anaandika "Juma estas alta ol Asha", na sentensi inachechemea. Sema "pli alta ol Asha". Lile "zaidi" ambalo kwetu ni la hiari, kule ni la lazima. Na ukitaka "kuliko wote", weka ol pembeni: "la plej alta el ĉiuj".

Malpli, yaani kinyume cha pli, jifunze mapema. Kwa Kiswahili tungezunguka, "si ghali kama ile". Wao husema "malpli multekosta" wakaendelea na safari.

Sehemu ninayoipenda kwa moyo wote ni viambishi. Chukua maji. Varma ni ya moto, varmega yanachoma, varmeta ni vuguvugu. Tanguliza mal- ya kinyume: malvarmeta ni maji ya mtungini, malvarma ni ya baridi, malvarmega ni yale ya friji yanayouma meno. Shina moja, ngazi sita! Wala si jambo geni kwetu, maana tuna nyumba, jumba na kijumba, ambazo kwao ni domo, domego na dometo. Tofauti ni kwamba ji- na ki- zetu za ukubwa na udogo hukaa kwenye nomino, ilhali -eg- ya kukuza na -et- ya kupunguza huingia hata kwenye kivumishi na kitenzi: pluvas, mvua inanyesha, pluvegas, inamwagika.

Ila usiitumie -eg- kila mahali. Ukiita kila chakula bonega, kizuri ajabu, siku ya pilau ya harusi utasema nini?

Kitu kimoja hutakipata: "pe" ya nyeupe pe, "ti" ya nyeusi ti, "ndu" ya nyekundu ndu. Nimeyatafuta miaka mingi. Wao wana neĝblanka, nyeupe kama theluji. Mimi huandika "blanka kiel kotono", nyeupe kama pamba, na hakuna aliyewahi kuniuliza nina maana gani.